Mama, Mkwe Wake na Dayodi Moja

Mama yangu ni fundi wa vitu vya umeme, na kwa muda mrefu hakuna mteja aliyelijua hilo. Baba alikuwa na kibanda cha kutengenezea redio na runinga. Mama alikaa mbele, akipokea watu na kufunga vitu vyao kwenye magazeti. Baba alipoanza kuugua, mikono yake ikawa inatetemeka, haiwezi tena kushika kitu kidogo kuliko kikombe. Mama akaingia nyuma ya pazia akaishika kazi, maana macho yake yalikuwa yameshajifunza kila kitu zamani. Mteja akifika na kuuliza fundi yuko wapi, mama anajibu bila kupepesa macho, "Ametoka. Acha tu, kesho utaikuta." Kesho yake redio inaimba. Watu walipokuja kugundua, baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa ameshapewa jina la utani ambalo hajaliepuka mpaka leo: Fundi Ametoka.

Mimi ni mtoto wake wa pekee, na subira yake sikurithi hata tone. Yeye anaweza kuikalia redio moja asubuhi nzima, anaigonga kwa mpini wa bisibisi na kutega sikio, anagonga tena, anatega tena. Mimi kitu kisipowaka nakipiga kofi. Yeye husema mkono wangu umeharibu vitu vingi kuliko radi, na sina la kujitetea.

Nyonga ilipoanza kumsumbua alificha. Halafu akaanguka bafuni, akakaa chini pale hajiwezi mpaka jirani aliposikia mtu anagonga ndoo. Niliposimuliwa nilitamani kumfokea na kumkumbatia kwa wakati mmoja, nikafanya yote mawili. Nikamhamishia kwangu, yeye na meza yake ya kazi, droo zake za vifaa na mita yake ya kupimia umeme, ya mshale, ile kubwa nyeusi ambayo hakubali kuibadilisha kwa hizi za namba. Tukampa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Upepo wa pale ni mzuri, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika.

Matatizo hayakutoka kwenye nyonga. Yalitoka kwenye ukwe.

Mume wangu anatengeneza mabango. Anafanyia kazi chumba cha mbele, kile kinachoelekea barabarani, na humo ana kompyuta moja kuukuu iliyowahi kuwa nyeupe. Kompyuta hiyo ndiyo inayoiendesha mashine ya kukatia herufi za stika. Mashine yenyewe nayo ni kongwe, na kompyuta yoyote ya kisasa ukiiunganisha nayo haisemi neno. Kwa hiyo hao wawili wanategemeana, na mume wangu anawategemea wao.

Sasa, mume wangu ni mtu wa heshima, tena heshima imempita kimo. Mama akiingia sebuleni, yeye anasimama, anamwamkia macho yakiwa kwenye zulia, kisha ghafla anakumbuka kuna kitu amekisahau nje. Chakula chake anakilia chumba cha mbele, katikati ya makorokoro ya stika. Mama naye hajambo kwa upande wake: akisikia hatua za mkwe koridoni, anarudisha mguu chumbani na kuvuta mtandio. Wakitaka kuambiana kitu wananipitishia mimi, hata kama kilichowatenganisha ni pazia tu.

"Mwambie mkwe wangu chai iko tayari."

"Mwambie mama nashukuru sana."

Nami nimesimama katikati, nageuza shingo huku na huku, kama posta yenye karani mmoja.

Mimi nilikuwa nacheka. Mama hakucheka. Siku moja, tunakunja nguo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu bwana hanitaki humu ndani. Ananivumilia."

"Anakuheshimu, mama."

"Mtu hamkimbii anayemheshimu. Nitakwenda kwa mdogo wangu."

Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, anaishi peke yake na anashinda kazini kutwa. Maana yake mama angebaki peke yake kuanzia asubuhi, na nyonga ile, kwenye nyumba yenye bafu la sakafu ya kuteleza. Nilitaka mama akae. Sikuwa na lugha nyingine ya kulisema hilo.

Ni wakati huohuo kompyuta ya mume wangu ikaanza vituko. Inawaka vizuri, inakata herufi kadhaa, halafu inazima ghafla. Ukiiwasha papo hapo, feni inashtuka mara moja na kusimama. Ukiiacha ikapumzika, inawaka tena kana kwamba haijawahi kufanya kosa. Na ikizima katikati ya bango, stika yote imeharibika, unaanza upya.

Mama aliposikia, macho yake yaliwaka kama zamani. "Hiyo ni pawa saplai," alisema. "Niletee." Kisha akanishika mkono. "Nikiitengeneza nitakaa, nitajua ninacho cha kufanya humu ndani. Ikinishinda, Jumamosi naondoka. Na usinibembeleze."

Kwa hiyo mambo yote yakawa yamening'inia kwenye kisanduku cha bati kinachoipa kompyuta umeme, kisichozidi ukubwa wa tofali.

Mume wangu aliichomoa pawa saplai kwa uangalifu wote wa dunia. Akaiweka dirishani ipoe. Akachukua brashi laini ya rangi akatoa vumbi kwenye kila tundu, akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, akaifuta tena kwa kikavu, akaizungushia taulo safi na kunikabidhi kwa mikono miwili. "Huwezi kumpelekea mama mkwe kitu kinachounguza na kina vumbi," alisema. Niliona ametenda jambo la kupendeza sana.

Mama akaipokea. "Muulize mkwe wangu, hali yake ikoje hasa?"

Nikaenda, nikauliza. Akajibu, "Mwambie mama inaendelea vizuri. Inasumbua kidogo tu."

Kidogo! Mume wangu hata nyumba ikishika moto atakwambia kuna moshi kidogo.

Mama akaifungua. Kwanza alizigusisha zile kapasita mbili kubwa na waya za taa ya zamani, kwa sababu zinatunza umeme hata ukishachomoa, na zina tabia ya kumtupa mtu ukutani. Taa ikamulika mara moja ikazimika. Ndipo akaanza kupekua. Mimi nilikaa karibu nikijifanya napanga nguo, na yeye alikuwa akinieleza bila kuulizwa, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Alinionyesha dayodi, kidude cheusi chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupozea. Kazi yake, alisema, ni kuupitisha umeme upande mmoja tu. Ukijaribu kurudi unakuta mlango umefungwa. Dayodi ikiharibika, umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, na pawa saplai inajizima ili isiungue.

"Lakini huwezi kuipima ikiwa imekaa hapo," alisema. "Majirani wake kwenye bodi wataijibia." Akayeyusha risasi ya kulehemea kwenye miguu yake, akaing'oa, akaiweka kwenye kigae cha sahani ipoe. Baba ndiye aliyemfundisha hivyo, kitu kilichotoka kwenye chuma cha kulehemea kisipimwe kabla hakijapoa, na mama hajawahi kukiuka neno la baba mezani pale, ingawa mahali pengine alikuwa akilikiuka kila siku. Ilipopoa akaipima. Upande mmoja mshale wa mita uliruka. Upande wa pili haukutikisika.

"Nzima," akasema, akairudisha.

Akakuta kapasita moja ndogo imevimba kichwa, akaibadilisha, akafurahi. Akaiwasha palepale mezani, akiwa ameiunganisha na balbu ya gari ili iwe na mzigo wa kubeba. Balbu iliwaka tangu chakula cha mchana mpaka nilipoanua nguo. Nikairudisha kwa mume wangu nikitembea kama bibi harusi.

Kesho yake ikazima.

Mume wangu akaipoza, akaifuta, akaifunga kwenye taulo. Mama akabadilisha feni. Mezani kwake ikawaka kutwa. Chumba cha mbele ikazima. Ikapozwa, ikafutwa, ikafungwa kwenye taulo. Mama akapitia kila kiungo cha risasi kwa kioo cha kukuzia, akailehemu upya mistari mizima. Kila safari aliipima ile dayodi, na kila safari mshale ulimwambia nzima. Nikimuuliza mume wangu hali ya mgonjwa, anasema anaendelea vizuri. Nikimuuliza mama, ananituma bisibisi nyingine. Alianza kuacha chakula nusu, na akawa anaishika mita ile na kuitazama, asiiwashe wala kuiweka.

Jumamosi asubuhi niliingia chumbani kwake nikakuta kitanda kimetandikwa na begi limefungwa. Mita haikuwa mezani. Aliniambia gari la mchana linamtosha. Ningefungua mdomo ningepiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nilitoka nikiwa nimeuma meno.

Wakati napita chumba cha mbele, kompyuta ikazima tena. Mume wangu, akiwa na fulana ya ndani kwa sababu ya joto la chumba kile, alichomoa waya, akaitoa pawa saplai kwa kitambaa ili isimuunguze, akaiweka dirishani. Akachukua brashi. Akatafuta taulo.

Sijui ni taulo lililonitibua au ni begi la mama. "Acha!" nikampigia kelele. "Acha kuipamba! Irudishe ndani ya kompyuta kama ilivyokuwa!" Kisha nikageukia koridoni. "Mama! Njoo uione ikifa mwenyewe!"

Mama alifika mlangoni akasimama. "Mkwe wangu yumo," alisema, akiutazama ukuta.

Mume wangu alikuwa ameshaparamia shati lake, ameingiza kifungo cha juu kwenye tundu la chini. "Mwambie mama apite tu, mimi natoka."

"Hutoki," nikasema. "Na wewe mama huendi popote. Mgonjwa yuko hapa, na mnamtibu kwa kutumiana salamu. Leo posta imefungwa. Mwenye neno alitamke mwenyewe."

Nikakaa kwenye ndoo ya gundi, nikafunga mdomo. Mwishowe mama aliingia, akashika ukingo wa meza, akasema huku akiitazama kompyuta, "Mkwe. Ikizima, huwa unaona nini?"

"Inaendelea vizu..."

"Mkwe."

Akalinyoosha shati. "Inanuka, mama. Kama rangi iliyoungua. Na upande huu wa bati hauguswi, unaunguza. Nikiacha kompyuta wazi na kuipepea kwa kipande cha bango, inadumu zaidi kabla ya kuzima."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na hukuniambia?"

"Mama," alisema, akiwa amelitazama zulia ambalo chumba kile hakina, "ningeanzaje mimi kukufundisha kazi yako?"

Nilimwona mama macho yake yakitoka kwenye kompyuta, yakaenda kwenye dirisha, kwenye brashi, kwenye taulo safi lililokunjwa vizuri. "Kwa hiyo kila ukiniletea," alisema taratibu, "umeipoza kwanza."

"Na kuifuta, mama."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga yake kwa maumivu na bado akaendelea. Mume wangu alinitazama kwa hofu, hajui kama ametukanwa au amesamehewa.

"Lete mita," mama akaniambia. "Lete na chuma na ile taa. Upesi, kabla haijapoa."

Nilikimbia. Mita ilikuwa ndani ya begi, chini kabisa, imezungushiwa sweta. Nililimwaga begi lote kitandani ili kuipata, na sikujuta.

Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa. Mama akazimaliza kapasita umeme wake kwa taa, kisha akasogeza mgongo wa kidole karibu na lile bati la kupozea, akaurudisha haraka. Akamwambia mkwe wake ashike bodi, ainamishe hivi, hapana, hivi. Akashika. Mama akayeyusha risasi, akaing'oa dayodi kwa koleo. Nilimwona akitaka kuiweka chini ipoe, mkono umekwenda wenyewe. Akausimamisha. Akaibana hivyohivyo ikiwa ya moto, akaweka nyaya za mita.

Upande wa kwanza, mshale uliruka, kama ilivyo haki yake. Akageuza. Upande wa pili ulipaswa kulala kimya. Haukulala. Ulipanda, ukafika katikati ya kioo, ukakaa pale.

"Tazama," mama alisema. Mume wangu akainama, mama naye ameinama, vichwa vyao vimekaribiana kiasi kwamba nywele za mvi zilimgusa shavu, na hakuna kati yao aliyeona. Walikuwa wanautazama mshale. Kadiri dayodi ilivyopoa, ule mshale ulianza kushuka wenyewe, polepole, bila mtu kugusa chochote, mpaka ukalala kabisa.

"Ikipoa inajifanya malaika," mama alisema. "Ikipata moto mlango unaachia. Wewe ulikuwa unaipoza kwa heshima yangu, na mimi naipoza kwa heshima ya marehemu. Na kule kwangu inapigwa na upepo, imefunguliwa, imebebeshwa balbu moja. Ingejulikanaje?"

Hakuridhika hapo. Akaigusisha mgongoni ncha ya chuma cha moto, mshale ukapanda tena. Akanituma droo ya tatu kuleta dayodi ya aina hiyohiyo aliyoing'oa siku nyingi kwenye pawa saplai iliyokufa. Nayo akaichoma vilevile. Mshale wake ulitikisika kidogo tu. Hiyo ndiyo akaifunga, mkwe wake akimshikia bodi na kumpulizia moshi usimwingie machoni, bila kuombwa.

Mashine ilianza kukata. Ilikata neno la kwanza, ikakata la pili, ikapita mahali ilipozoea kuzima, ikakata bango zima na mpaka wake wa maua. Mume wangu aliibandua stika ile kwa mikono yote miwili akaiinua juu, hakukuwa na hata kona iliyoharibika.

"Basi, mkwe," mama alisema. "Imepona." Akakusanya vifaa vyake, akaenda zake nyuma.

Nilimfuata nikiwa na furaha ya kuimba. Nikamkuta anakunja upya zile nguo nilizomwaga na kuzirudisha kwenye begi.

"Mama! Ulisema ukiitengeneza unakaa."

"Nilisema." Hakuinua uso. "Nilidhani ninachotafuta ni kazi. Kazi nimeipata, mwanangu, na bado najisikia mgeni. Siwezi kukaa kwa mtu kwa sababu tu najua kulehemu."

Nikajua kwamba safari hii ukali wangu hautasaidia, maana nilikuwa nimeutumia wote kule mbele.

Ndipo niliposikia mtu anakohoa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Tangu mama ahamie, hakuwahi kufika hata nusu ya koridoni upande ule. Alishika fremu ya mlango kama mtu aliyepanda kitu kirefu.

"Mama," alisema. "Mama yangu alifariki sijaanza hata shule. Nimelelewa na baba na kaka zangu. Mimi sijui mtu anakaaje na mama ndani ya nyumba. Nikikuona naogopa nitakosea, ndiyo maana natoka." "Naomba usiende. Nikikosea, niambie tu."

Mama aliiweka chini blauzi aliyokuwa anaikunja. Akamtazama mkwe wake usoni, moja kwa moja, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Umeshakosea," alisema. "Mama haombwi mtu akiwa amesimama mlangoni. Ingia, ukae."

Akaingia. Kiti kilikuwa kimoja na kimejaa waya, kwa hiyo akakaa kitandani, pembeni ya mama, magoti yamebanana. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na sikujificha.